Mwamuzi Naye Apimwe

Mwaka 2007, katika mashindano ya mvinyo ya Maonyesho ya Jimbo la California huko Marekani, waamuzi waliletewa Chardonnay zipatazo 350 za jimbo lao, wazionje na kuichagua iliyo bora. Chupa zilikuwa zimefichwa, majina hayakuonekana, na kila glasi ilikuwa na namba tu. Walipokwisha kuonja na kupatana, namba iliyoshinda ilifunuliwa, ikaonekana kuwa ni ya Charles Shaw, mvinyo uliokuwa ukiuzwa katika maduka ya Trader Joe's ya California kwa dola 1 na senti 99 chupa nzima. Ulipewa alama 98 katika 100, ukapata dhahabu maradufu, ukatangazwa kuwa ndiyo Chardonnay bora ya California. Miongoni mwa walioachwa nyuma zilikuwamo chupa ambazo bei yake ilikuwa kubwa mara nyingi zaidi.

Gazeti la wafanyakazi lingeweza kuishia hapo. Tungeandika kwa herufi kubwa kwamba chupa ya kabwela imeiangusha chupa ya bwanyenye, na wasomaji wetu wangetabasamu ndani ya basi waendapo kazini. Wala tusifiche, habari hiyo yatupendeza. Lakini kupendezwa na hukumu ni jambo moja, na kujua kwamba hukumu hiyo ni ya haki ni jambo jingine. Na mtu anayeisifu mahakama siku aliyoshinda tu hana la kusema siku atakayoshindwa. Hapana budi basi tuulize: hukumu hiyo ilipatikanaje? Na je, mvinyo ule ule ungaliwekwa tena mbele ya waamuzi wale wale, ungalipata dhahabu ile ile? Swali hilo hatukulibuni sisi. Huko huko California, katika miaka hiyo hiyo, yuko mtu aliyeliuliza, akapewa ruhusa ya kupima, na jibu alilolipata lastahili kujulikana na kila mkulima ambaye mazao yake hupangiwa daraja na ulimi wa mtu mwingine.

Twajua kwamba wasomaji wetu wengi hawanywi mvinyo, wengine kwa amri ya dini yao na wengine kwa amri ya mfuko wao. Twawaomba watuvumilie. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro hahitaji kufundishwa jambo hili. Kwa miaka mingi kahawa yake imepelekwa Moshi, ikakaangwa kidogo, ikasagwa na kumiminiwa maji ya moto, na mwonjaji akaifyonza kwa kijiko, akaitema, akaandika daraja. Kazi ya msimu mzima, tangu kupalilia hadi kuchuma na kuanika, huamuliwa kwa mfyonzo mmoja. Naye mkulima wa zabibu wa Dodoma yu katika njia hiyo hiyo. Mizabibu ililetwa huko na mapadre wa misheni ya Bihawana katika miaka ya 1950; leo hupandwa Hombolo, Makutupora, Mpunguzi na penginepo, na kwa jua la nchi ile huzaa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ulaya hawalijui mashambani mwao. Mwenye shamba huuza zabibu zake kwa kilo, au huzikamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa mwenye kiwanda. Chupa ikishapata nishani, jina la kiwanda hukua na bei ya chupa hupanda. Chupa ya jirani ikiikosa, mnunuzi hupata hoja ya kumwambia mkulima wa jirani kwamba zabibu zake ni dhaifu. Kwa hiyo shauri la nani atoe nishani, na kwa njia gani, si mchezo wa matajiri tu.

Na tuanze na namna mashindano yenyewe yanavyoendeshwa. Maonyesho ya Jimbo la California ni ya zamani. Yalifanyika mara ya kwanza San Francisco mwaka 1854, na siku hizi hufanyika Sacramento, mji mkuu wa jimbo. Asili yake ni maonyesho ya kilimo, yenye mifugo na mazao ya shamba, kama Nane Nane yetu. Mwenye kiwanda cha mvinyo hulipa ada kwa kila aina anayoiingiza, hupeleka chupa zake, na waandalizi huzipanga kwa aina ya zabibu na pia kwa kanda ilikoota mizabibu. Mpango huo wa kanda twausifu. Zinfandel ya vilima vya Sierra hushindana kwanza na jirani zake walionyeshewa mvua moja na kuchomwa na jua moja, ndipo ikutane na ile ya pwani penye ukungu. Kwa sababu hiyo ziko tuzo za kanda, ziko tuzo za jimbo zima, na mwisho kabisa hutajwa mvinyo mweupe na mvinyo mwekundu uliowapita wenzake wote.

Waamuzi huketi mezani. Katika miaka tutakayoieleza walikuwa wanne kwa kila meza. Ni watu wa kazi ile: watengenezaji mvinyo, wanunuzi wa maduka, wakuu wa vyumba vya mvinyo katika mahoteli, waandishi, walimu. Huletewa safu ya glasi zenye namba. Kila mmoja hutazama rangi, hunusa, huonja, hutema katika chombo kilichowekwa karibu naye, kisha huandika alama yake pasipo kumwuliza mwenziwe. Baadaye husomeana alama na kuzungumza, na anayetaka kubadili neno hulibadili. Hapo hutoka nishani ya shaba, ya fedha au ya dhahabu, au hutoka mikono mitupu. Wote wanne wakikubaliana juu ya dhahabu, ndiyo huitwa dhahabu maradufu.

Kuficha jina ndio msingi wa kazi yote hiyo, na faida yake imekwisha kuthibitishwa. Tarehe 24 Mei 1976, mjini Paris, Mwingereza Steven Spurrier aliyekuwa na duka la mvinyo mjini humo aliwaita waonjaji wa Kifaransa wenye sifa kubwa, akawawekea mivinyo ya nchi yao pamoja na ile ya California bila ya kuwaonyesha chupa. Alama za Wafaransa tisa ndizo zilizohesabiwa. Zilipojumlishwa, ilionekana kwamba katika mivinyo myeupe iliyotangulia ni Chateau Montelena ya mwaka 1973, na katika myekundu ni Stag's Leap Wine Cellars ya mwaka huo huo, na zote mbili zatoka bonde la Napa, California. Mmoja wa waamuzi, Bibi Odette Kahn, alidai arudishiwe karatasi zake. Twamwelewa. Chupa zingalikuwa wazi mezani, twathubutu kusema kwamba hakuna hata mmoja kati yao ambaye mkono wake ungaliandika aliyoyaandika. Wasomaji waliopitia shule za misheni watamkumbuka mkuu wa karamu ya Kana, aliyeusifu mvinyo pasipo kujua ulikotoka. Huyo naye hakuonyeshwa mtungi.

Lakini kumficha mvinyo uso hakutoshi. Mwamuzi aweza kufungwa macho na bado asijue anachokisema.

Mtu tuliyemtaja ni Bwana Robert Hodgson, mwalimu wa chuo kikuu aliyestaafu, mwenye ujuzi wa takwimu, na pia mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo kiitwacho Fieldbrook, kaskazini ya California. Yeye aliona jambo ambalo wenye viwanda wengi wameliona wakanyamaza: mvinyo wake mmoja ulipata dhahabu mahali pamoja, na mahali pengine ukarudishwa bila ya kitu. Naye alikuwa katika kamati ya kuyashauri mashindano ya Maonyesho ya Jimbo. Akaomba waamuzi wapimwe, na wenye maonyesho wakakubali. Tangu mwaka 2005 hadi 2008, kila meza ya waamuzi wanne iliwekewa safu ya glasi 30, na ndani ya safu hiyo mkawa na glasi tatu zilizomiminwa kutoka chupa moja. Waamuzi hawakujua ni zipi. Kila mwaka walipimwa waamuzi kati ya 65 na 70, nao hawakuokotwa njiani, bali ni wale wale waliokuwa wakitoa nishani zilizobandikwa kwenye chupa.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Katika kila waamuzi kumi, mmoja hivi ndiye aliyeweza kuupa mvinyo ule ule hukumu isiyotoka nje ya nishani moja katika glasi zote tatu. Katika kila kumi, mwingine mmoja hivi alifikia mara nyingine kuupa mvinyo ule ule shaba katika glasi moja na dhahabu katika glasi nyingine. Waliosalia walikuwa katikati. Mwamuzi wa kawaida aliyeandika 90 aliweza, kwa mvinyo ule ule uliotoka chupa ile ile, kuandika 86 au 94 kabla ya safu ya glasi kwisha, na tofauti hiyo yatosha kumvusha mtu kutoka nishani moja hadi nyingine. Zaidi ya hayo, mwamuzi aliyekuwa imara mwaka mmoja hakuwa lazima imara mwaka uliofuata. Na Bwana Hodgson alipozihesabu meza zote za miaka ile minne, aliona kwamba karibu nusu tu ndizo zilizotoa tuzo kwa sababu ya ubora wa mvinyo peke yake. Liko na jambo jingine ambalo lilituchekesha kidogo: waamuzi walikuwa thabiti zaidi katika kuukataa mvinyo mbaya kuliko katika kuusifu mzuri. Yaani wajua wasichokipenda. Wakipendacho ndicho kinachowatatiza.

Tusikimbilie kusema kwamba watu hawa walihongwa. Hakuna aliyesema hivyo, wala sisi hatusemi. Ubaya wa mambo haya, kwa kweli, ni kwamba hapana mkosaji wa kumkamata. Mwamuzi mwaminifu, mwenye miaka ishirini katika kazi, aweza kutoa hukumu mbili zinazopingana asubuhi moja na kulala usingizi mwema usiku. Ulimi huchoka. Ukali wa mvinyo mwekundu hukusanyika kinywani glasi baada ya glasi. Glasi inayofuata baada ya iliyo tamu huonekana chachu kuliko ilivyo, na ile iliyo baada ya mbovu hupata sifa isiyo yake. Jicho nalo huudanganya ulimi. Huko Bordeaux, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, wakaueleza kwa maneno ambayo desturi yake ni kuelezea mvinyo mwekundu. Hao walikuwa vijana wa chuo, katika nchi ambayo mvinyo ni chakula cha kila siku, tena mjini ambako jina lake lenyewe ni jina la mvinyo.

Bwana Hodgson hakuishia Sacramento. Mwaka 2009 alitoa hesabu ya pili, akitazama mivinyo zaidi ya 4,000 iliyopelekwa katika mashindano 13 ya Marekani. Kati yake, mivinyo 2,440 ilikuwa imeingia katika mashindano zaidi ya matatu. Katika hiyo, asilimia 47 ilipata dhahabu mahali fulani. Na katika hiyo iliyopata dhahabu, asilimia 84 ilikosa tuzo yoyote mahali pengine. Hata ile shaba. Alipochungua zaidi aliona kwamba kupata dhahabu katika shindano moja hakukuonyesha lolote juu ya kupata dhahabu katika jingine, na kwamba bahati ilikuwa na sehemu kubwa katika jambo hilo.

Msomaji na aifikirie maana ya hesabu hiyo kwa mtu wa biashara. Ikiwa bahati ina sehemu kubwa, basi mwenye fedha za kulipa ada kumi na tatu ana nafasi kumi na tatu, na mwenye fedha za ada moja ana nafasi moja. Tajiri atarudi na dhahabu yake, ataibandika kwenye chupa, wala kwenye chupa hapatakuwa na kibandiko cha kueleza mahali kumi na mbili alikokosa. Mnyonge atarudi mikono mitupu na kuambiwa arekebishe mvinyo wake, ambao huenda haukuwa na kasoro yoyote. Hapa ndipo lile lililoonekana kuwa shauri la ulimi linapogeuka kuwa shauri la haki. Tena yule anayeandaa mashindano huishi kwa ada za washindani, na mshindani aliyepata nishani hurudi mwaka ujao. Hatumsingizii mtu, twasema tu kwamba dukani mizani ya namna hiyo ingekaguliwa. Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Mvinyo, ambalo kifupi chake ni OIV, limeliona jambo hili, na katika mashindano yaliyo chini ya ulezi wake nishani zote kwa jumla haziruhusiwi kuzidi asilimia 30 ya mivinyo iliyoshindanishwa. Hiyo ni kanuni njema. Lakini hupunguza idadi ya washindi tu, wala haituhakikishii kwamba waliochaguliwa ndio waliostahili.

Wapo watakaotujibu kwamba ladha haina kipimo, kwamba kila mtu hupenda chake, na kwamba nishani ni furaha tu ya maonyesho ambayo haimdhuru mtu. Jibu hilo lina pande mbili zinazogombana. Ikiwa ladha haina kipimo, basi alama 98 katika 100 ni nini? Asiyeamini kipimo asiandike namba. Akiandika namba, amekwisha kudai kwamba anapima, na anayepima sharti akubali kupimwa. Ama kuhusu kwamba haimdhuru mtu, tumekwisha kueleza habari ya bei.

Na kwa kuwa tumetaja California, hatuwezi kupita bila ya kuwakumbuka watu ambao hawaitwi jukwaani siku ya tuzo. Septemba 1965 wachumaji wa zabibu wa Delano, kwanza Wafilipino wakiongozwa na Larry Itliong, kisha wenzao wa asili ya Mexico wakiongozwa na Cesar Chavez, waligoma kwa ajili ya ujira wao. Mgomo ule ulidumu miaka mitano, hadi mwaka 1970 wenye mashamba ya zabibu za mezani walipotia sahihi mikataba. Zabibu zilizogombaniwa hapo kwa sehemu kubwa zilikuwa za kula, si za mvinyo, lakini mkono unaokata kishada ni ule ule. Hatujapata kuona nishani inayomtaja mchumaji. Maonyesho mengi hutaja mwenye kiwanda, mara nyingine hutaja mtengenezaji mvinyo, mara chache hutaja shamba. Hili ni jambo la pembeni katika mazungumzo ya leo, na tutalirudia siku nyingine.

Turudi kwa waamuzi. Katika habari hii yote, lililotupendeza kuliko Chardonnay ya dola mbili ni kwamba wenye maonyesho walikubali. Wangeweza kumwambia Bwana Hodgson aende zake. Walikuwa na sifa ya zaidi ya miaka 150 ya kulinda, na waamuzi ambao hawakuzoea kufanyiwa mtihani. Wakamfungulia mlango, wakamwachia atie glasi zake ndani ya safu, si mara moja bali miaka minne mfululizo, na matokeo yakachapishwa ili yasomwe na watu wote, pamoja na wale wanaotafuta sababu ya kuwacheka. Ni vyombo vingapi, vya serikali au vya watu binafsi, vyenye uwezo wa kutoa hukumu juu ya jasho la watu, ambavyo vimekubali kujaribiwa namna hiyo? Twauliza tu.

Mwaka 2014 Bwana Hodgson, pamoja na mtaalamu wa takwimu Jing Cao, alitoa kipimo ambacho kwacho mwamuzi angeweza kutahiniwa kabla ya kuitwa mjuzi. Kilipotumiwa juu ya matokeo ya mashindano makubwa, waliofaulu walikuwa wachache. Lakini watu wa Australia wameonyesha kwamba si lazima kukata tamaa. Kwao mashindano ya mvinyo yamekulia ndani ya maonyesho ya kilimo, na kwa desturi yao ya siku nyingi mvinyo ulipewa alama 20: tatu za rangi, saba za harufu, kumi za ladha. Aliyepata 18.5 au zaidi alipewa dhahabu, awe mmoja au wawe ishirini. Na wasipopatikana, dhahabu haikutolewa. Pia huweka mezani waamuzi wanafunzi ambao huonja kila kitu na kuandika alama zao, lakini alama hizo hazihesabiwi hadi watakapokomaa. Na Taasisi ya Utafiti wa Mvinyo ya Australia, iliyoko Adelaide, huendesha mafunzo ambamo waonjaji huletewa mvinyo ule ule zaidi ya mara moja bila ya kuambiwa, na uimara wa alama zao huhesabiwa. Huko uamuzi huhesabiwa kuwa ufundi wenye uanafunzi wake na mtihani wake, kama ulivyo ufundi wa seremala.

Sasa tuseme nini juu ya ile chupa ya dola 1 na senti 99? Twasema kwamba huenda ilistahili, na huenda siku ile ilibahatika. Kwa mezani pale, mwaka ule, hakuna aliyeweza kututhibitishia moja kati ya hayo mawili. Lakini shaka hiyo hiyo yaiangukia kila chupa ya bei kubwa iliyowahi kupewa dhahabu na meza za namna ile, ila juu ya hizo watu hawakuuliza, kwa sababu bei yake ilikuwa imekwisha kuwajibu. Ilipopata dhahabu chupa ya bwanyenye, hukumu iliitwa ustadi. Ilipopata dhahabu chupa ya kabwela, ndipo wengi wakakumbuka kwamba waamuzi ni binadamu.

Kwetu sisi, mashindano ya mvinyo ya kanda bado ni mambo machanga, na ni heri yawe machanga, kwani kanuni ni rahisi kuwekwa kabla ya watu hawajazoea kukosa kanuni. Wanaoandaa hukumu za mazao katika viwanja vya Nzuguni wakati wa Nane Nane, iwe mvinyo wa Dodoma, iwe kahawa, iwe asali, twawashauri wafanye mambo machache. Majina yafichwe. Waamuzi watajwe hadharani, na asiwemo mwenye kuuza wala kununua kitu kinachoamuliwa. Alama za kila mwamuzi zibandikwe ukutani siku hiyo hiyo, si jumla yake tu, ili mkulima aone kama waamuzi wanne walikubaliana, au kama mmoja alimpa juu na mwingine akamtupa chini. Vijana wa vyuo vya kilimo wakae mezani kama wanafunzi. Na mnunuzi yeyote asiruhusiwe kuitumia nishani, wala kukosekana kwake, kama sababu ya kubadili bei ya kilo iliyokwisha kupatanwa na chama cha ushirika.

Kisha glasi tatu za chupa moja zitiwe ndani ya safu pasipo mwamuzi kujua, na hesabu yake isomwe mbele ya watu kabla ya nishani hazijatolewa. Tunajua kwamba tutaambiwa fedha hazipo. Kwa meza moja ya waamuzi wanne, gharama ya mtihani huo ni chupa moja ya mvinyo na glasi kumi na mbili, ambazo zikioshwa zaweza kutumika tena alasiri.